Kicheko cha Mwantumu Msibani

Siku Bi Rukaiya anazikwa, pale Marambo, mkwewe Mwantumu alicheka mbele ya watu wote.

Wanaume walikuwa wameshaingia kulichukua jeneza. Wanawake walijaa chumbani na barazani, wamekaa chini, kanga zimefunika vichwa, wengine wakilia kwa sauti, wengine wakifuta macho tu. Jeneza lilipoinuliwa na kuelekezwa mlangoni, Mwantumu, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na kitanda cha marehemu, alicheka. Hakikuwa kicheko cha kuficha kiganjani. Kilikuwa kirefu, cha kukata pumzi, mabega yakimtikisika, na kadiri alivyojaribu kukizuia ndivyo kilivyozidi. Waliokuwa wakilia wakanyamaza. Wifi yake Tunu, binti wa marehemu, akageuka akamtazama. Hata wanaume walisita kidogo pale mlangoni na jeneza mabegani, halafu wakaendelea.

Mwantumu aliinuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akatokea mlango wa uani. Akaenda kusimama nyuma ya choo. Kicheko kiliendelea huko mpaka kikaisha chenyewe, na kilipoisha akatapika.

Kabla jua halijazama Marambo nzima ilikuwa na habari. Wengine walisema alikuwa amemchoka mama mkwe, sasa amepumua. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakauliza yule mama alikufa kwa maradhi gani hasa, na uji wake alikuwa anapika nani.

Uji wake alikuwa anapika Mwantumu. Bi Rukaiya alipigwa kiharusi wakati wa kupalilia ufuta, upande mmoja wa mwili ukalala, na tangu hapo aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha kwa kijiko akimfuta kidevu, alikuwa mkwewe. Tunu alikuwa na nyumba yake na watoto wadogo, akifika anapoweza. Kazi ile hakuna aliyemlazimisha Mwantumu. Aliifanya kwa sababu alimpenda yule mama kuliko alivyowahi kumpenda mtu mzima yeyote, na kwa sababu Bi Rukaiya peke yake ndiye aliyewahi kumwelewa.

Mwantumu alizaliwa Kiegei, na tangu utotoni alikuwa na jambo lile. Akiogopa, anacheka. Akiumia sana, anacheka. Shuleni mwalimu alipopanga mstari waliochelewa awachape, wenzake walilia kabla hata ya fimbo, yeye akacheka, na mwalimu akaona amedharauliwa, akamwongezea. Akisimamishwa kujibu swali la hesabu ambalo nyumbani alikuwa amelijibu vizuri, macho ya darasa zima yakimgeukia, kicheko kilimtoka na jibu likapotea. Wakasema ni jeuri. Baadaye wakasema hana akili. Yeye mwenyewe, kwa kuwa hakujua kwa nini anacheka, aliamini yote mawili. Aliacha kunyoosha mkono, akaanza kukaa nyuma, na darasa la saba lilipoisha hakuna aliyeshangaa kwamba hakufaulu.

Alipoolewa na Amri akahamia Marambo. Mimba ya kwanza ikatoka. Alikuwa amelala zahanati, amegeukia ukutani, anacheka, na muuguzi aliyekuja kumtazama aliondoka anatikisa kichwa. Bi Rukaiya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamwekea mkono mgongoni.

"Cheka, mwanangu," akamwambia. "Mimi nasikia unalia."

Hawakulizungumza tena jambo hilo. Lakini tangu siku ile, Mwantumu akicheka kile kicheko, mama mkwe aliacha alichokuwa anafanya akaja kukaa karibu yake. Ndiyo maana mazishi yale yalikuwa mabaya mara mbili. Mtu pekee ambaye angewaambia watu Mwantumu ana nini, ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Matanga yalipokwisha kuanuliwa, Mzee Shehe, baba mdogo wa Amri, aliita kikao cha ukoo. Mwantumu alijiandaa. Asubuhi nzima, akichambua mboga, alirudia maneno atakayoyasema: kwamba ana tatizo la tangu utoto, kwamba hakufurahi, kwamba anaomba radhi. Yalikuwa maneno machache na aliyajua vizuri.

Walikaa barazani. Mzee Shehe aliongea taratibu, bila ukali.

"Mwanangu, hatukukuita kukuhukumu. Tunataka kusikia kwa kinywa chako. Siku ile ulicheka nini?"

Mwantumu alitazama zile nyuso, akamwona Tunu, akamwona mumewe ameinamia ardhi. Akafungua mdomo aseme. Kikatoka kile kile.

Tunu alisimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Basi mmeona wenyewe," akasema, akaondoka.

Hakuna kilichosemwa baada ya hapo ambacho kingesaidia. Njiani kurudi nyumbani Amri alitembea mbele. Walipofika uani aligeuka, na hakuonekana mwenye hasira, alionekana amechoka.

"Hata mbele ya wazee, Mwantumu?"

Hakumjibu. Alijua akijaribu kujibu atacheka.

Binti yao Hafidha wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Wenzake walikiiga kicheko cha mama yake njia nzima ya kwenda na kurudi shule. Msichana hakusema kitu nyumbani, ila alianza kutembea upande wa pili wa barabara kila alipokutana na mama yake anatoka kisimani, na Mwantumu aliona. Kati ya yote yaliyompata mwaka ule, lile la binti yake kuvuka barabara ndilo lililomwingia zaidi.

Mwishowe Amri alitafuta chumba Ruangwa mjini, wakahama. Alisema ni kwa ajili ya biashara, kwamba huko kuna soko na mabasi, na mkewe anaweza kupika chakula akauza. Kweli Mwantumu alipika. Wali wake wa nazi na samaki wakavu ulipata wateja karibu na stendi, wakiwemo makondakta waliomwita mama kwa heshima. Hakuna aliyemjua. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitembea bila kuinamisha uso.

Lakini aliishi kwa sharti moja alilojiwekea mwenyewe: hakwenda msibani. Na sehemu zile mtu anaweza kukosa harusi, akakosa ngoma, akasamehewa. Msiba hukosi. Kila turubai lilipofungwa mtaani, Mwantumu alikuwa na udhuru. Leo mgongo, kesho ana mgeni, siku nyingine jiko haliwezi kuachwa. Alipeleka mchele, alipeleka kuni, mwenyewe hakuonekana. Wanawake wa mtaa wakaanza kusema yule mama wa wali ana kiburi, anajiona. Aliyasikia. Akaona bora aitwe mwenye kiburi kuliko kuitwa, kama kule Marambo, mwanamke aliyecheka msibani.

Jirani yake wa ukuta alikuwa Brigita, Mkatoliki, mama mcheshi aliyekuwa akimsaidia kukuna nazi asubuhi. Waliachiana funguo, waliazimana vyungu. Mume wa Brigita, fundi wa kuchomelea mageti, aliugua ghafla na hakutoka hospitali. Watu walijaa uani kwao. Mwantumu alimtuma Amri na mfuko wa mchele, mwenyewe akajifungia jikoni. Alimsikia Brigita akilia upande wa pili wa ukuta, akiita jina la mumewe. Mwantumu alikaa kwenye kigoda, kanga ameijaza mdomoni, anaiuma, anacheka, machozi yanamtiririka, akiomba tu sauti isivuke ukuta.

Brigita hakugombana naye baadaye. Aliendelea kumwitikia salamu. Ila aliacha kuja kukuna nazi, na kamba yake ya kuanikia nguo akaihamishia upande wa barabarani.

Hafidha alipata nafasi chuo cha ualimu Nachingwea. Likizo moja alikuja Ruangwa na begi la vitabu. Siku ya pili, mchana, wateja wameshapungua, alikuwa anamsaidia mama yake kuosha masufuria.

"Mama," akasema, "nikuulize kitu? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheka vile vile?"

Mwantumu aliacha kusugua. Miaka yote ile hawakuwahi kulitaja.

"Kwa nini unauliza?"

"Tunasoma somo la saikolojia. Mambo ya akili, hisia, tabia za watu, nini kinamsukuma mtu afanye jambo. Mwalimu akatufundisha kwamba hisia iliyo ndani na kinachoonekana usoni si lazima vifanane. Akasema wapo watu wanaocheka wakizidiwa na huzuni au woga. Mwili unatafuta namna ya kutua mzigo. Akatuonya, mtoto akicheka unapomkaripia, usikimbilie kusema ni jeuri. Darasani wenzangu waliandika tu. Mimi nilitoka nje."

"Ukatoka kwa nini?"

"Nilikumbuka nilivyokuwa navuka barabara."

Mwantumu aliendelea kulitazama sufuria. Kicheko kilianza kumpanda, akakibana, kikatoka kidogo puani. Hafidha hakukwepa macho.

"Kwa hiyo ni ugonjwa?" mama aliuliza alipotulia.

"Si ugonjwa. Ndivyo ulivyoumbwa tu, na woga unaongezea. Na si kwamba huna akili, mama. Kila siku unaniambia shule ilikushinda. Mtu akiogopa kiasi kile hata anachokijua kinamtoka kichwani."

Mtu angedhani Mwantumu alifurahi. Hakufurahi. Alisikia aibu mpya, ya aina nyingine. Miaka yote amejificha, ameacha rafiki alie peke yake ng'ambo ya ukuta, amemwacha Tunu aamini kwamba mama yake alichekwa, kumbe jambo lenyewe ni la kawaida kiasi cha kufundishwa darasani na watu wakaandika. Angeweza kulisema, hata kwa kumtuma mtu. Hakumtuma mtu yeyote.

Kesho yake alimwendea Brigita. Alimkuta anapepeta mpunga, akakaa chini bila kukaribishwa, na kabla hajamtazama usoni akaanza kusema, macho kwenye ungo. Kwa kuutazama ungo aliweza. Alimweleza yote, Kiegei, Marambo, jikoni siku ile.

Brigita alipepeta mpaka akamaliza.

"Mama Hafidha, ungekuja," akasema. "Ungekuja ukacheka. Mimi labda ningekufukuza, labda ningekutukana. Lakini ungekuwa umekuja."

"Niliona aibu."

"Najua sasa. Lakini siku ile nilikuwa natazama mlango. Kila anayeingia namtazama, nasema huyu atakuwa yeye."

Mwantumu alichukua ungo mwingine wakapepeta pamoja. Hawakurudi kuwa kama zamani mara moja, lakini siku chache baadaye Brigita aliingia asubuhi akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi.

Kwa Tunu ilikuwa vigumu zaidi. Walikwenda Marambo wakati wa ufuta kuvunwa, Mwantumu na Hafidha. Tunu aliwakaribisha kwa adabu, akawapa maji, akawawekea mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho. Hafidha alipoanza kueleza ya chuoni, Tunu alimnyamazisha kwa mkono.

"Wewe acha. Nimemsikia mama yako." Akamgeukia Mwantumu. "Wifi, kwamba ulimtunza mama, nililiona kwa macho yangu. Maneno ya uji niliyakataa mimi, hujui tu. Lakini nilimzika mama yangu na kicheko chako masikioni. Nikimkumbuka, nakisikia. Hicho hata mkinifundisha vitabu vyote hakitoki."

"Sikuja kukitoa," Mwantumu alisema. "Nimekuja kusema sikufurahi."

"Nimesikia."

"Unaniamini?"

Tunu alichezea upindo wa kanga. "Sijui. Kuna siku nitaamini, kuna siku sitaamini. Nisikudanganye." Halafu akainuka kwenda kupika, na walipoondoka kurudi Ruangwa aliwafungia ufuta kwenye kitambaa.

Msiba wa kwanza Mwantumu aliokwenda ulikuwa wa bibi kizee wa mtaa wa pili, Magreti, mtu ambaye hawakuzoeana sana. Alikaa na wanawake wengine kwenye turubai, Brigita upande wake wa kulia. Mjukuu wa marehemu alipofika kutoka safari na kuanguka mlangoni analia, Mwantumu alikisikia kicheko kinapanda. Alikaza meno, haikusaidia. Kilitoka. Si kirefu kama cha Marambo, ila kilisikika mistari miwili mbele, na wanawake wawili watatu waligeuka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake. Brigita alimsogelea mpaka mabega yakagusana, lakini hakusema lolote la kuwaeleza wale, na Mwantumu hakumwomba aseme.

Uso ulimwaka moto. Mlango wa uani ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka alipokaa. Aliutazama. Alivuta kanga kichwani, akabaki amekaa, mpaka watu walipoinuka kwenda kuzika.