Ufito Juu ya Dallas na Houston

Kwetu, kabla ya kuchuma chai, unalaza ufito juu ya vichaka. Kilichochomoza juu ya ufito, majani mawili na chipukizi, hicho ndicho chako. Kilicho chini yake unakiacha kikue. Ndiyo maana shamba lililochumwa vizuri huwa sawa juu, hata ukiweka kikombe hakimwagiki. Baba yangu alichuma tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia, na kufikia hapo alikuwa hawezi tena kutazama kitu chochote bila kutamani kukilazia ufito. Alipima ua wa jirani, alipima nywele za wajukuu. Miaka yake ya mwisho alipima miji miwili ya Amerika.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Dallas, akiuguza wagonjwa. Mdogo wetu alikuwa Houston, akipakia mizigo ghalani. Jimbo ni moja, na kutoka kwa huyu hadi kwa yule ni mwendo wa saa nne kwa gari. Mimi ni wa katikati, msichana, niliyebaki na majani ya chai. Niliolewa upande wa Silibwet, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani na watoto wawili na sufuria zangu. Wageni wakija kwetu waliuliza habari za walioko Amerika huku wakinywa chai niliyoichuma na kuipika mimi. Nasema hivyo nisije nikajifanya malaika.

Mashindano yalianza na picha moja. Mkubwa aliupiga picha mji wake kutoka mbali, majengo yote yakiwa yamejipanga mbele ya anga, akanitumia kwa simu. Nikaenda mjini Kapkatet kuichapisha, baba akaitundika sebuleni. Mdogo aliposikia, hakukubali. Jumapili iliyofuata ikaja Houston. Baba akaitundika kando ya mwenzake, akashusha ufito wake kwenye msumari, akaulaza juu ya picha ya kwanza, kisha ya pili, jicho moja amelifumba.

“Houston iko na jengo refu kushinda,” akatoa hukumu. “Lakini imejaa mapengo. Hapa majengo, hapa hakuna, kule tena majengo. Hii ni shamba ya mtu alipanda akikimbilia matanga.”

“Na Dallas je?” nikamuuliza.

“Dallas imekaa pamoja vizuri. Lakini hiyo mpira wameweka juu ya mti ni ya nini?”

Alikuwa anausema mnara mmoja mwembamba wenye tufe kubwa kileleni. Tufe hilo lilimkera miaka yote.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa simu ililia, na kaka zangu wakabishana kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia. Huyu anasema mji wake unang'aa, yule anasema wa kwake ndio mkubwa. Baba alimpa mmoja ushindi wiki hii, wiki ijayo akamnyang'anya akampa mwingine. Nilimwambia yeye ni mchochezi. Akacheka mpaka akakohoa. Nilichelewa kuelewa kwamba mzee hakujali majengo hata kidogo. Mtu anayetaka kushinda lazima apige simu tena.

Halafu mama akafa. Mkubwa alikuja kumzika. Mdogo hakuwa na karatasi za kuishi kule. Angetoka Amerika, asingerudi tena. Siku ya mazishi nikamshikia simu juu ya kaburi ili naye aone. Alikuwa analia, na mtandao ulikuwa unakatakata kilio chake vipande vipande. Mkubwa akaninyang'anya simu mbele ya watu wote.

“Mama anazikwa na simu?” akasema. “Wewe si mtoto wake tena. Wewe umekuwa picha tu.”

Akakata. Mdogo hakuona udongo ukitupwa.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Baba alisema nao mmoja mmoja, na kila mara alipokata simu alirudia methali ileile: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Aliyekuwa akingoja kuchukua kapu ni yeye mwenyewe. Alitaka kufa akiwa amewasikia wakibishana tena, hilo tu, na alilisema wazi, hata kwa mchungaji.

Picha za Houston zikaanza kupungua. Mwishowe namba ya mdogo ikawa haipatikani, na ujumbe wangu ukabaki na tiki moja, haukumfikia. Miezi ikapita. Baba alikuwa ameshalazwa mara mbili, moyo umechoka, miguu imevimba, na kila Jumapili aliniuliza, “Houston imeleta nini?” Nikajibu mtandao ni mbaya. Nikajibu mdogo ana kazi nyingi. Uongo nao huisha, kama unga.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na nilikuwa nimechoka, na nakiri, nilikuwa nimekasirika. Nikafungua simu, nikatafuta picha ya Houston, zikaja nyingi. Nikachukua moja nzuri, jua linazama, majengo yamejitazama kwenye maji. Nikaichapisha. Nikampelekea baba kwenye kiti chake dirishani, nikamwambia, “Mdogo ameleta picha.”

Akaishika kwa mikono miwili. Akaomba ufito. Aliulaza, kisha akaushikilia hapo bila kuusogeza.

“Niletee kapu,” akasema.

Nilidhani dawa zimempanda kichwani. Nikamletea kapu lake la kuchumia, lile kuukuu. Akaliweka mapajani, akalikumbatia.

“Baba, kapu ni ya nini?”

Akaniwekea kidole kwenye ukingo wa picha. Pale pembeni ulisimama mnara mdogo kuliko ukucha, wenye tufe juu yake.

“Hii ni Dallas,” akasema. “Kijana yangu ameenda kwa ndugu yake. Wamepatana.”

Simu ilikuwa imenichanganyia miji. Nilikuwa nimeishi na picha zile ukutani miaka yote, nikizipangusa vumbi kila Jumamosi, na sikuwahi kuzitazama. Wivu ulinizuia kuzitazama. Yeye asiyejua kusoma jina la mji alizijua zote mbili kama vichaka vyake.

“Niambie kama ni ukweli,” akasema.

“Ndiyo, baba,” nikamwambia. “Ni ukweli.”

Mungu anajua, jibu lingine nililimeza.

Lakini mzee hakutosheka. Akataka kumshukuru mkubwa palepale. Nikajaribu kumwandikia kaka yangu kwanza, vidole vikakosea herufi, na baba akawa ameshanyoosha mkono anataka simu. Nikapiga kwa video, ikaita. Uso wa mkubwa ukatokea, ndio kwanza ameamka, kikombe mkononi.

“Asante kijana yangu,” baba akasema. “Asante kwa kufungulia ndugu yako mlango. Nimeona picha. Ako wapi nimsalimie?”

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nikamtazama kaka yangu kwenye kioo cha simu, nikaweka viganja pamoja kama mtu anayeomba. Akanitazama. Akaweka kikombe chini.

“Amelala, baba,” akasema. “Alifanya kazi usiku.”

“Basi usimuamshe,” baba akasema. “Wacha apumzike.”

Jioni mkubwa akanipigia kunigombeza. Aliniita mwongo. Nikatoka nje hadi kwenye majani, baba asinisikie, nikamwachilia yote niliyokuwa nimeyaweka tumboni tangu siku ya kaburi. “Masaa nne!” nikamwambia. “Wewe ulitoka hapa ukavuka bahari, na masaa nne kwa gari ndiyo imekushinda? Enda ufanye uongo yangu ikuwe ukweli!”

Kisha akasema ataenda wikendi. Wikendi ikafika akapewa zamu. Wikendi nyingine ikafika.

Baba alifariki kabla ya wikendi ya tatu, asubuhi, nikimpikia uji. Kapu lilikuwa kando ya kitanda. Siku zake zile za mwisho aliwasimulia wote waliokuja kumwona kwamba vijana wake wanakaa pamoja, na akaiita Dallas mji mzuri, hata na mpira wake.

Mkubwa alikuja kuzika. Wazee walipouliza habari za mdogo, tulijibu kwa mdomo mmoja kwamba amebaki Dallas, nyumbani kwa kaka yake. Tuliona aibu kutazamana. Baada ya watu kutawanyika, kaka yangu akasimama sebuleni mbele ya ile picha ya uongo wangu, niliyoitundika ukutani. Akaigusa pale kwenye mnara, mahali ambapo kidole cha baba kilikuwa kimeacha alama.

“Ningeenda,” akasema. “Afadhali ningeenda hiyo wikendi ya kwanza.”

Sikumfariji. Nilienda kukama ng'ombe.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, saa ileile ya kubishana, simu ikalia. Ilikuwa picha. Mbingu ya kijivu, majengo nyuma ya kioo cha gari chenye matone ya mvua, kisha nafasi tupu, kisha majengo mengine mbali. Hakukuwa na mnara wenye tufe. Nikafungua sauti iliyofuatana nayo.

“Niko Houston,” mkubwa alisema. “Nimefika kwa ile nyumba mdogo alikuwa anakaa. Wanasema alihama zamani na hawajui alienda wapi. Nimeuliza kanisani kwa watu wetu, hakuna. Nimezunguka tangu jana. Baba alisema ukweli, dada, hii mji ni mapengo tu. Sijui nitafute pengo gani.”

Kesho yake nikashuka Kapkatet, nikaichapisha picha hiyo, nikaitundika kati ya zile nyingine. Nikautoa ufito wa baba kwenye msumari. Nikaulaza juu ya majengo kama alivyofanya yeye, na safari hii nikatazama chini yake, barabarani, ambako kulikuwa na watu wadogo wadogo wakitembea kwenye mvua. Nilisogea mpaka pua ikagusa karatasi, nikawatazama mmoja mmoja, nione kama kuna anayetembea kama sisi.