Pamba Ndani ya Taya

Ernestine Ninahazwe alijifunza kuziba nyufa kwa baba yake, fundi wa mitumbwi ya mbao pale ufukweni Uvira. Mzee alisokota pamba, akaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu, akapaka lami juu. Mtumbwi ulipoingia ziwani, pamba ilikunywa maji, ikavimba, ikafunga kabisa. Mikono ya Ernestine iliijua kazi hiyo kabla macho yake hayajajua kusoma.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kazi yake ilikuwa mifupa iliyogeuka jiwe. Katika chumba kimoja cha mabaki ya kale, mtaani Songo, hapo hapo Uvira, alitunza taya la kiboko wa zamani sana, lililofukuliwa na wakulima wa Katogota walipochimba mfereji wa mpunga. Lilikuwa na nyufa nne. Bella, mwalimu aliyemfundisha miezi miwili huko Bujumbura, alimwachia sharti: usitie ndani ya mfupa kitu ambacho mwingine hataweza kukitoa, na kijazio kiwe laini kuliko mfupa, ili siku ya kuvutana kiachie chenyewe. Kwa hiyo Ernestine alitumia gundi inayoyeyuka kwa asetoni, ile dawa ya kufuta rangi ya kucha, akaichanganya na unga wa chaki. Lakini gundi ilikuwa kidogo na nyufa zilikuwa na kina. Chini ya kijazio akashindilia pamba, barabara, kama baba.

Mvua ikanyesha wiki tatu. Kule Kavimvira, mtaa wa ufukweni, ziwa liliingia majumbani. Huku Songo kuta za chumba zilitoka jasho. Asubuhi ya Jumanne akasikia: ti. Kimya. Halafu tena: ti. Akatazama dirisha, akatazama dari. Sauti ilitoka mezani.

Akainama. Ufa wa kwanza ulikuwa umepanuka, na pembeni yake ulikuwa umezaliwa mwingine, mwembamba kama unywele. Pamba ilikuwa inakunywa unyevu. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Akadondosha asetoni kwa sindano, akangoja hadi kijazio kikawa uji, akaivuta pamba kwa kibano, taratibu. Ilitoka nzito na baridi. Ufa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila uliobaki mtupu ulinyamaza. Mkuu wake, Jean-Berchmans, ambaye kila siku alimuuliza kama anamtengeneza kiboko arudi kuogelea, safari hii alisimama mlangoni bila utani.

Kwenye ufa wa nne asetoni iliteleza kama maji juu ya kioo. Akarudia. Akakwaruza kwa ukucha: juu ya kijazio chake kulikuwa na tabaka gumu, si lake. Akamgeukia mkuu wake.

"Shefu, weye ulitia nini hapa?"

Jean-Berchmans alisogea mezani. "Kole, gundi ya garaji, Mama Ernestine. Ile ya mirija mbili, wanachanganya. Wageni walikuwa wanakuya, miye niliona ufa iko mubaya sana."

"Hiyo haitoke, shefu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na chini yake iko pamba yangu."

Hakumgombeza; pamba ilikuwa yake mwenyewe. Alililaza taya juu ya mifuko ya mchanga, akachukua penseli, akaanza kuchora vistari vifupi vya kukatiza ule ufa, kila kimoja na namba yake kila upande, ili siku taya likivunjika, atakayeviunganisha vipande ajue kipi kinaelekea wapi. Nje mvua ilianza upya. Alipofika kistari cha saba, mfupa ulilia ti, ukasogea, na nusu mbili za kistari cha tatu hazikutazamana tena.