Kilio Nilichokianzisha Matema

Kuna Jumamosi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo asubuhi ulipoandika kwenye kundi la wazazi wa shule kwamba mto umeingia bwenini na wasichana hawaonekani, ilinirudia yote. Mjukuu wangu naye analala bweni hilo, pamoja na binti yako. Simu ya mlezi haikupatikana kwa saa nzima, nami nilisimama jikoni na mwiko mkononi, wali unaungua. Baadaye ndipo tukajua ni jiko la nje tu lililoingiwa na maji. Sikugombezi. Ila kaa nikueleze, maana mimi nilifanya makubwa kuliko hayo.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana, juu kidogo ya Matema, kando ya ziwa. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Tupokigwe, mtoto wa Ngonga, msichana wa kucheka ovyo hata kanisani. Jumamosi hiyo alipewa ruhusa kwenda Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, kumnunulia mama yake chungu. Mimi nikateremka sokoni kununua sabuni. Upepo ukaanza ghafla, na mtumbwi uliokuwa unaleta vyungu kutoka Ikombe ukapinduka karibu na ufuko. Wapiga kasia walitoka kwa kuogelea, mmoja ameshika sweta la shule yetu. Kwenye kola limeshonwa jina la Tupokigwe.

Sikumngoja hata yule mtu apumue. Niliangua kilio cha msiba palepale. Na kwetu, unajua mwenyewe, kilio cha msiba hakihojiwi; ukikisikia unajifunga kanga kiunoni unakwenda, maswali utauliza ukifika. Wanawake waliacha dagaa wao wa usipa na ndizi zao, wakakipokea. Mchuuzi mmoja wa kakao aliyekuwa anarudi Ngonga akapanda baiskeli, akaondoka nacho.

Tulipanda shuleni tukilia. Mkuu wa shule, mama mfupi asiyepandisha sauti, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwona?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona sweta lake.

"Sikukuuliza sweta."

Mchana ulikuwa umeshaanza kuisha Tupokigwe alipoingia getini kwa miguu, matope mpaka magotini, anauliza nani amekufa. Mawimbi yalimtia hofu, akaamua kupita njia ya mlimani. Chungu alikipakia mtumbwini na kukizungushia sweta kisigongwe. Nilimkumbatia, nacheka na kulia kwa pamoja. Mkuu wa shule hakucheka. Alisema mama wa huyu mtoto sasa hivi yuko njiani, na mto Lufilyo umejaa.

Mwanangu, hofu iliyonishika hapo sijaipata tena, hata siku ya kuzaa. Tulikimbia sote watatu, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu anichukue mimi. Nilijua yule mama hatangoja maji yapungue. Mzazi gani angengoja? Tulikuta watu wamejaa ukingoni. Mvushaji alikuwa amekataa kuvusha, basi mama akaingia majini kwa miguu yake, na mto ukamchukua. Wanaume walimtoa kwenye matete, wakamlaza kifudifudi, na hakuna aliyejua kama anapumua. Tupokigwe akamwita. Akamwita tena. Mimi nilishindwa kutazama. Mwishowe mama akakohoa, akatapika maji, akafumbua macho.

Hakufurahi, la. Alimtazama mwanawe kwa woga, akajivuta nyuma, maana moyoni alishamzika. Kisha akamshika mkono na kuukagua kidole kwa kidole, na hakuuachia tena. Maji yalipopungua akaondoka naye. Baba mtu akatuma neno kwamba shule iliyomlilia mtoto wake akiwa hai haimpati tena. Mkuu wa shule alikwenda Ngonga mara tatu kuwasihi, mara zote akarudi peke yake. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikawa mwalimu. Tupokigwe, aliyekuwa akinifundisha hesabu, hakuvaa sare tena.

Niliwahi kumwomba msamaha. Alinisamehe haraka mno, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi shika neno langu. Habari ya mtoto wa mtu usiitume mpaka umemwona huyo mtoto, au umesema na aliyemwona. Ukiwa na wasiwasi, panda pikipiki uende. Ukikosa hakika, nyamaza kwanza. Kuchelewa kwako hakutaua mtu. Lakini ukumbuke kwamba katika wale unaowaandikia yupo mama ambaye hataisoma mara mbili wala hatauliza. Atatoka alivyo, aingie majini.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na binti yako. Amfikishe mwisho wa masomo yake, na wewe uwepo kumpokea. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza.