Makofi ya Baba

Mkuu wa nchi alikabidhi madaraka siku ya kazi, na mwalimu mkuu wetu akatuachia saa nne asubuhi ili kila mmoja akaangalie sherehe anakojua. Nafundisha shule ya msingi hapa Tukuyu na nimepanga chumba Ibighi, lakini siku hiyo sikwenda chumbani. Mama alikuwa amenipigia simu tangu alfajiri.

"Njoo ukae katikati yao," alisema. "Mimi peke yangu siwawezi."

Alimaanisha baba na kaka yangu.

Nilipotoka ofisini nilimwacha mwalimu mwenzangu mmoja, mama aliyehamishiwa huku kutoka pwani, amelaza kichwa juu ya madaftari analia kama aliyefiwa. Mwingine alikuwa dirishani anapiga mluzi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Miaka yote ya mkuu yule tulikuwa tumezoea kutoulizana.

Pale Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, vijana wa bodaboda walikuwa wanazunguka na honi, taa zimewashwa mchana kweupe ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja muuza parachichi aliwafokea. "Mnashangilia nini? Barabara mnayokimbizia hizo pikipiki nani aliwawekea?" Kijana mmoja akamjibu bila kusimama, "Aende, mama! Barabara atuachie!" Watu wakacheka, yule mama akainama akaendelea kupanga parachichi zake. Nilipanda pikipiki ya mzee mmoja aliyekuwa kimya na tukateremka njia ya Kisiba, kwetu.

Ili nieleweke, lazima nirudi nyuma miaka michache.

Baba yangu alimpenda yule kiongozi kuliko nilivyowahi kumwona akimpenda mtu yeyote wa nje ya ukoo. Wapo waliompenda kwa sababu ya kofia na fulana. Baba hakuwa hivyo. Mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwetu, alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, amebebwa kwenye machela ya mianzi na blanketi, mvua inanyesha, utelezi, wanaume wanne wanaanguka na kuinuka. Baba alikuwa mmoja wa wale wanne. Alifika barabara kuu amebeba maiti mbili. Baada ya hapo tulikaa miaka mingi tukiomba zahanati, kila serikali ikiahidi. Ikajengwa wakati wa mtu huyu, na lami ikafika karibu. Siku ya kuifungua, baba alikwenda peke yake akashika ukuta wa chumba cha kujifungulia kwa viganja vyote viwili. Alirudi akamwambia mama, "Huyu ndiye wa kwanza kumkumbuka mwanangu."

Kaka yangu naye alikuwa na ya kwake. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa chai kijijini kwetu. Mwaka mmoja lori la kiwanda lilikuwa linapitiliza kituo chetu wiki nzima, majani mabichi yanachemka maguniani mpaka yanageuka meusi na kunuka. Watu walikuwa wanamwaga chai kwenye migomba kama takataka, na ukilalamika unaambiwa unampinga mkuu wa nchi, maana alishatangaza kwamba tatizo la chai limekwisha.

Ndipo akaja Tukuyu kwa mkutano. Uwanja ulijaa. Sisi walimu tuliagizwa twende wote, na tulisimama na mwalimu mkuu wetu upande wa kulia. Hatua chache mbele yangu alikuwa baba, amevaa koti lake la kanisani. Kiongozi alipomaliza kuhutubia alisema anataka kusikia kero, na kaka akanyoosha mkono. Alipewa kipaza sauti. Alisalimia vizuri, akashukuru kwa zahanati, kisha akasema, "Lakini mheshimiwa, waliokwambia chai imekaa sawa wamekudanganya. Inaozea vituoni."

Kiongozi akamwuliza, "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, mheshimiwa."

"La saba! Halafu unataka kunifundisha kazi." Uwanja ukaangua kicheko. "Angalieni hata koti lake. Mtu mvivu utamjua tu. Hawa ndio wanaotumwa na maadui zetu." Kisha akageukia waliosimama nyuma yake akasema, kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliibeba mpaka mwisho wa uwanja, "Huyu mmwangalie vizuri."

Watu wakapiga makofi. Baba akapiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu. Hakupiga haraka wala kwa hofu, alipiga kama anavyopiga kanisani kwaya ikimfurahisha. Na mimi, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa amegeuka kunitazama, nilitabasamu. Kaka alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Alikuwa anaangalia upande wetu.

Siku ya nne polisi walikuja kumchukua shambani. Kosa lilikuwa uchochezi. Alikaa mahabusu Mbeya mwaka mmoja na miezi, kesi inatajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika. Mama ndiye aliyekuwa anapanda gari kumpelekea ndizi na sabuni. Mara nyingine nilimsindikiza, mara nyingine nilisingizia mitihani, kwa sababu niliogopa kuonekana. Baba hakwenda hata siku moja. Mama alipomsihi alisema, "Angenyamaza angekuwa nyumbani kwake." Akasema na hili: "Serikali haiwezi kumshika mtu bure."

Kesi ilifutwa kama ilivyokuja, bila maelezo. Kaka alirudi amekonda, sikio la kushoto halisikii. Hakutwambia lilipigwa na nani, na hatukuuliza. Mke wake alikuwa amerudi kwao Kyela na watoto. Nyumba yake ilikuwa imeanza kuvuja, kwa hiyo mama akampa chumba cha nyuma ya nyumba ya baba. Wakaishi hivyo, baba na mwana, ndani ya ua mmoja, wakitumiana maneno kupitia kwa mama. Kaka angesema, "Mwulize tata jembe liko wapi." Baba naye, "Mwambie mwanao ng'ombe wametoka." Miaka miwili.

Basi siku ya kukabidhi madaraka nilimkuta baba ameshavaa, amekaa mbele ya televisheni inayotumia sola. Majirani wanne watano walikuwa wamekuja, wengi wao wazee wenzake. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni ili aone ndani na uani kwa pamoja. Kaka hakuonekana.

Yule kiongozi alianza kuaga. Sauti ile niliyokuwa naisikia redioni nikasimama wima hata nikiwa peke yangu jikoni, sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alihesabu aliyoyafanya. Alipotaja zahanati za vijijini baba alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho, akainamia ile televisheni akasema, "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba. Alimwita baba mtu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Hapo kaka akaingia. Alikuwa ametoka shambani, matope mpaka magotini. Wazee wakasogeana. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akageuza sikio lake zima kuelekea televisheni.

Mwishoni yule mtu akasema maneno ambayo kila anayeaga huyasema, kwamba kama yupo aliyemkosea, basi amsamehe, yeye ni binadamu. Uwanja wa huko mjini ukalia na kushangilia kwa pamoja.

Baba alijipangusa uso. Bila kumtazama kaka, na bila kupitia kwa mama, alisema, "Umesikia. Ameomba msamaha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu arudi. Mama aliacha kisu.

"Nimesikia, tata," kaka akasema kwa upole. "Lakini hanijui. Nilikuwa mmoja tu katika umati siku ile na ameshasahau. Yeye simdai neno."

"Basi yamekwisha."

"Wewe ndiye unayenijua."

Baba akamgeukia. "Mimi nilikufanya nini?"

"Ulipiga makofi."

Kwenye televisheni bendi ilianza kupiga. Mzee mmoja alichukua fimbo yake akatoka, wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akimuaga mama kwa sauti ya chini.

"Kila mtu alipiga," baba akasema hatimaye.

"Kila mtu si baba yangu."

Nikaona niseme kitu, nikae katikati kama nilivyoitwa. Nikasema, "Kaka, siku ile tuliogopa." Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe uliogopa, mdogo wangu. Nilikuona. Yeye hakuogopa."

Baba alisimama. Nilidhani atampiga, au atamshika. Alisema kwa Kinyakyusa kwamba aliyebeba machela ni yeye, si mtu mwingine, na kwamba hakuna mwanawe atakayemfundisha uchungu. Kisha akachukua koti akatoka kwenye mvua kuelekea migombani. Kaka alibaki anaangalia kiongozi mpya akiapa. Nilitaka kumwambia kaka kwamba baba alikuwa ana haki yake ya kupenda, na kumwambia baba kwamba kaka hakuomba kingi. Yote mawili yalikuwa kweli. Nilimsaidia mama kumalizia ndizi.

Baba hakuomba radhi. Siku ya tatu kaka alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti akashuka Kyela, akasema anakwenda kujaribu kulima mpunga karibu na watoto wake. Alimuaga baba kwa kuinama kama inavyotakiwa, na baba akaitikia kama inavyotakiwa. Mtu asiyejua angeona salamu njema.

Kiharusi kilimkuta baba kabla ya mavuno ya mahindi. Alianguka akitoka chooni. Walimkimbiza kwenye zahanati yake, muuguzi akafanya aliloweza, akampa rufaa, na gari likampandisha kwa lami ile ile mpaka hospitali. Daktari alisema kama angechelewa zaidi angekufa. Kwa hiyo alipona, kama tunavyosema. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukakataa kabisa.

Nilimpigia kaka nikitegemea kumbembeleza. Alisema, "Nakuja," na kesho yake alikuwepo. Tangu hapo ni yeye anayemwogesha baba, anayemgeuza, anayemlisha uji kwa kijiko. Ana mikono mizuri kwa kazi hiyo. Nilimwuliza Jumamosi moja, tukiwa wawili kisimani, kama amemsamehe.

"Nani atanijibu nikimwambia nimemsamehe?" akasema. "Nilitaka aseme yeye. Sasa hata akitaka hawezi. Acha, mdogo wangu. Beba ndoo."

Kijiji hakijatulia. Kanisani mchungaji ameomba jina la aliyeondoka lisitajwe uani baada ya ibada, kwa sababu mashemeji wawili walishikana mashati. Wapo wanaosema nchi imepumua. Wapo wanaosema tumepoteza mtu na tutalia. Lori la chai linakuja siku nyingine, siku nyingine halionekani.

Mwezi uliopita nilikwenda nikakuta kaka anang'oa chai ya baba. Shamba hilo baba alilipanda mwaka niliozaliwa mimi, mche kwa mche, na hakuwahi kukubali liguswe. Kaka anataka kupanda parachichi. Hakuuliza, maana hakuna wa kumwuliza. Alikuwa anachimba shina, analizungusha, analivuta mpaka mizizi inalia, kisha analitupa kwenye lundo.

Alikuwa amemtoa baba nje akamkalisha kwenye kiti chenye mito, kibarazani, akamfunika blanketi, kwa sababu daktari alisema asikae ndani siku nzima. Kutoka pale anaona shamba lote. Jicho lake la kulia hutoa machozi muda wote tangu augue, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia. Nilimpangusa. Mama aliniita jikoni nikamwacha pale, anatazama.