Mkanda Wenye Muhuri Katikati

Idara ya Usafi wa Jamii imetangaza, na tangazo lenyewe lina sahihi, muhuri na karatasi ya rangi ya samawati, kwamba kuanzia mwezi ujao kila kinyozi anayetumia wembe wa kukunja ataunolea kwenye mkanda wa kitambaa ulio mpya, mweupe, wenye muhuri wa Idara katikati. Kwamba mkanda huo utatupwa baada ya siku thelathini na kuwekwa mwingine. Na kwamba mkanda mkuukuu, wa kitambaa cha aina yoyote ile, ni adui wa shavu la mwananchi. Kinyozi atakayekaidi atanyang'anywa leseni. Aliyetia sahihi ni Mkurugenzi, mtu ambaye, kwa ushahidi wa picha yake rasmi, ana mashavu mawili.

Kinyozi wa duka la kona alilisoma tangazo hilo mara tatu akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalisoma mara ya nne kwa upande wa mteja. Bado lilikuwa baya.

Mtaa mzima ulimwita Bila Damu. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alinyolewa naye kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, na kila Jumamosi alijikagua kwenye kioo kwa jicho la mtu anayesahihisha mtihani, asione hata tone. Wengine wana vyeo, wengine wana mashamba. Yeye alikuwa na jina. Na jina hilo, kama vile koti, lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mmoja ukutani pamoja na mkanda wake wa kunolea.

Mkanda wenyewe ulikatwa kwenye bomba la turubai lililostaafu kazi ya zimamoto. Alipewa na mjomba wake, aliyemfundisha kazi, na siku alipopewa ulikuwa unakwaruza kama ulimi wa paka. Kitambaa kipya kina ubishi wa mtu aliyemaliza shule juzi. Kifuliwe mara tatu kiachane na wanga wa kiwandani. Kipakwe sabuni ya mche ikiwa kavu, kikandamizwe kwa ubavu wa chupa, kipakwe tena, kipigwe pasi. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kiganja: kusugua, juu na chini, kila siku, miezi sita, mpaka nyuzi zikubali kulala upande mmoja. Hapo ndipo wembe unaweza kupita, mgongo mbele na makali nyuma, bila kugombana na mtu. "Jiwe linautia wembe ukali," mjomba alizoea kusema. "Kitambaa kinautia adabu."

Jioni hiyo mkewe alisomewa tangazo akiwa anakunja nguo.

"Miezi sita unauzoesha," alisema, "siku ya thelathini unautupa. Si utakuwa unamwaga maji kabla hayajachemka?"

"Afadhali yangekuwa jikoni. Haya yatakuwa bado kisimani."

"Basi nenda kaulize. Labda wamekosea."

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Bwana Afya, ambaye ndiye mkaguzi wa maduka yote ya eneo lile, na ambaye ofisi yake ilikuwa na meza moja, kiti kimoja na nusu, na muhuri uliofungwa kwa mnyororo.

"Karibu, fundi. Umeleta mkanda?"

"Nimeleta swali, mkuu. Mkanda mpya ni mpya tangu lini?"

Bwana Afya aliligeuza tangazo, akatazama nyuma yake. Nyuma hakukuwa na kitu. "Mpya ni mpya."

"Mpya siku ya kununua, au siku ya kugongwa muhuri?"

"Siku ya muhuri. Muhuri una tarehe. Kitambaa hakina tarehe."

"Na kabla ya muhuri?"

"Kabla ya muhuri huo si mkanda, ni kitambaa tu. Ukitaka kitandike kitandani, Idara haina habari nacho." Kisha akainua kidole. "Ila baada ya wiki tatu naja dukani, na Mkurugenzi mwenyewe anakuja, anyolewe mbele za watu iwe mfano. Nikikuta lile bomba la zimamoto ukutani, leseni naondoka nayo."

Bila Damu alirudi akiwa amepata njia na amekosa muda. Angeweza kukizoesha kitambaa kadiri apendavyo kabla ya muhuri, lakini miezi sita ilibidi iingie kwenye siku ishirini na moja. Kuchukua kitambaa kibichi na kumnyoa nacho Mkurugenzi maana yake ni damu, na damu maana yake ni kwaheri jina.

Dukani kwa muuza vitambaa alikaa tangu kufunguliwa hadi jua la utosi. Alikwaruza majora kwa ukucha, akayainua kwenye mwanga, kisha akavuta kila kitambaa karibu na sikio lake, akafumba macho.

"Fundi," akasema muuza vitambaa, "unanunua au unaposa?"

"Hiki kinalia sana."

"Vyote vinalia siku za kwanza," akajibu mwenye duka, ambaye alikuwa amewaoza mabinti watatu.

Akachukua kitani kizito kisicholia ila kinachonong'ona, akakata vipande vinne, akavifua, akavipaka sabuni, akavipiga pasi. Kimoja akabaki nacho, cha pili akampa mkewe, cha tatu mwalimu mstaafu, na cha nne, kwa kukosa mkono mwingine, akampa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki moja, mwaka juzi.

Baada ya siku saba akavikusanya. Chake kilikuwa kimechoka kama mwenyewe. Cha mkewe kilikuwa kimegeuzwa kitambaa cha kushikia sufuria. Cha mwalimu kilirudi na karatasi iliyobandikwa kwa pini: "Anaendelea vizuri, ila ana uzembe pembeni." Cha mama mkwe kilikuwa laini kama siagi.

Bila Damu alikipitisha shavuni mara mbili asiamini, kisha akamrudishia. Usiku wa manane si lazima ufike ndipo mtu achunguze siri. Saa kumi alasiri alisimama nyuma ya mlango wa ukumbini akasikiliza. Mama mkwe alikuwa ameketi, mkanda magotini, akizungumza na bintiye.

"Mwanamume mzima," kiganja juu, "anagawa vitambaa," kiganja chini, "kama kuna mtoto anazaliwa." Juu. "Na bawaba ya mlango hii." Chini. "Tangu nije inalia." Juu. Alipofika kwenye habari ya paa linalovuja, mkono ulikwenda mbio kama cherehani.

Siri ilikuwa hiyo. Mama mkwe hakuwa na viganja vya pekee. Alikuwa na mkwe. Wengine walisugua kwa wajibu, yeye alisugua kwa moyo.

Siku ya kumi na moja mkewe alikuja dukani na sura ya msiba. "Mama amenyamaza. Tangu asubuhi hajasugua."

"Kwani kuna nini?"

"Si wewe uliyetia mafuta bawaba? Nani alikutuma?"

Bila Damu, ambaye tangu aoe alikuwa akimwamkia mama mkwe kwa kuinama hata kupitia dirishani, alirudi nyumbani akailegeza bawaba kwa bisibisi. Jioni aliketi kwenye kiti cha mama mkwe. Kesho yake aliusifu, mezani, ukarimu wa mama mkwe wa jirani. Hilo peke yake lilitoa kazi ya siku mbili, asubuhi na jioni. Siku ya kumi na saba alisahau kwa makusudi kumwamkia, akaenda kulia kidogo uani.

"Mwanangu, tufungashe mizigo," mama mkwe alimwambia bintiye siku ya kumi na tisa. "Huyu si mtu."

"Sawa, mama. Malizia kwanza huo upande wa chini."

Siku ya ishirini mkanda ulikuwa tayari. Mweupe, unang'aa kwa mbali, na ukiuvuta karibu na sikio haukusema lolote. Bila Damu aliujaribu wembe juu yake, akajishika unywele wa mkono. Ukakatika kabla haujaguswa vizuri. Alimwendea mama mkwe akapiga magoti kuomba radhi. Mama mkwe alisema atafikiri, akaomba kitambaa kingine.

Siku ya ishirini na moja duka lilijaa. Bomba la zimamoto lilikuwa chini ya taulo kwenye droo, msumari ukiwa mtupu ukutani. Mkurugenzi aliketi, akafungwa shuka shingoni, akapakwa povu mpaka akabaki macho na cheo. Mwalimu mstaafu alisimama karibu na kioo na miwani yake ya kusahihishia.

Bwana Afya akauchukua mkanda wa mama mkwe, akauweka mezani, akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga. Katikati kabisa. Wino wa Idara ni mzito, maana umeandaliwa kudumu, nao ulizama kwenye kitani ukatokeza upande wa pili.

"Sasa ni mkanda," akasema. "Endelea, fundi."

Bila Damu alinoa. Kila wembe ulipofika kwenye muhuri ulishikwa, ukatoa mlio kama kiatu kinachong'oka matopeni. Alipitisha mara kumi, mara ishirini. Akajaribu unywele wa mkono: uliinama kama unasalimia, kisha ukasimama tena.

"Vipi?" aliuliza Mkurugenzi kutoka ndani ya povu.

"Muhuri unashika makali, mheshimiwa."

"Ndiyo kazi ya muhuri," akasema Bwana Afya. "Kushika."

Leseni ilikuwa ukutani kwenye fremu yake. Bila Damu aliitazama. Akamtazama mwalimu, akaona mwalimu naye anamtazama. Kisha akafungua droo, akatoa taulo, akatundika bomba la zimamoto kwenye msumari wake mbele ya Idara nzima.

"Fundi," akasema Bwana Afya kwa sauti ya chini, "unajua unachofanya?"

"Najua, mkuu. Leseni utachukua. Shavu la mheshimiwa siwezi kulirudisha."

Wembe ulikwenda na kurudi mara thelathini bila kelele. Alianza shavu la kulia. Alipofika kidevuni Mkurugenzi alikuwa anakoroma. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipofutwa kwa taulo la moto aliamka, akapitisha kiganja usoni, juu na chini, akarudia mara nyingi kuliko ilivyo desturi ya wakurugenzi. Mwalimu alisogea, akakagua, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hakuna hata tone.

"Mkanda huu ni haramu," Mkurugenzi akatamka hatimaye, kiganja kikiwa bado shavuni. "Uchukuliwe kama kielelezo. Leseni ibaki hapo mpaka uchunguzi ukamilike."

Bwana Afya aliukunja mkanda akautia kwenye bahasha. Bila Damu alibaki na msumari, leseni na jina. Mkanda wa pili wa mama mkwe ulikuwa tayari baada ya wiki mbili, kwa kuwa paa lilikuwa bado linavuja. Siku hizi unagongwa muhuri pembeni, baada ya Bwana Afya kuombwa sana, na kila mwezi unafuatwa na mwingine.

Uchunguzi umeingia mwaka wa pili. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi Bila Damu huitwa ofisini kwa Mkurugenzi kutoa maelezo kuhusu kielelezo, na huenda na wembe, brashi na sabuni, kama barua ya wito inavyoelekeza. Maelezo huchukua dakika ishirini. Kielelezo kimetundikwa nyuma ya mlango, na katikati kimezidi kung'aa kuliko siku kilipokamatwa.