Mama Mkwe na Chumba cha Mwandishi

Nyumba yetu ya Kenmore, huku ughaibuni, ina chumba kimoja cha ziada. Mimi nilikitaka kiwe cha kuandikia. Mke wangu alikitaka kiwe cha mama yake, aliyekuwa amechoka kukaa kwa shemeji yangu mjini Columbus. Ndipo mimi, ambaye sijafuata mila yoyote tangu nije kusoma Amherst, nikakumbuka kwamba kwetu Waluhya mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Nililisema hilo kwa masikitiko makubwa.

Kisha nikampeleka mke wangu sinema kutazama filamu ya maisha ya mwandishi mashuhuri wa Kijerumani. Nilikuwa nimesoma habari zake: kila asubuhi mzee hufunga mlango, tai shingoni, na mkewe huwanyamazisha watoto. Nilitaraji filamu iseme niliyoogopa kuyasema.

Kila mlango ulipofungwa kwenye skrini, nilimgusa kwa kiwiko. Aliendelea kula bisi. Kisha mwandishi akaikimbia nchi yake, akahama, akahama tena, na kila alikokwenda ilifuata meza yake ya kuandikia. Hapo mke wangu aliacha kutafuna. Nikadhani sanaa imemwingia.

Njiani alisema filamu ni nzuri, ila angependa kujua soksi za yule mzee zilifuliwa na nani. Tulipofika nyumbani akanyoosha kidole upande wa gereji, iliyojengwa peke yake nyuma ya ua.

"Baba watoto, ile ina paa lake?"

Nilikiri kuwa inalo.

"Basi mila yenu iko salama. Mwenzako alihama nchi na meza yake. Wewe unavuka ua tu."

Mila nilikuwa nimeileta mwenyewe.

Sasa naandika gerejini, kati ya beleshi la theluji na matairi ya kiangazi, na hita inayopasha mguu mmoja. Mama mkwe, anayeheshimu mila kwa dhati, hunipikia uji, akauacha kwenye ngazi ya nyuma na kuingia ndani kabla sijatokea. Kimya nimekipata. Hadi leo kimezaa kurasa mbili. Mlango ninao pia, mpana kuliko wa yule mzee, ila rimoti ya kuufungua hukaa kwenye gari la mke wangu. Jioni akirudi kutoka kazini Cheektowaga, mlango hupanda wote mara moja, taa za gari zinanimulika usoni, nikiwa na tai shingoni kama yule mzee. Hupiga honi kidogo, kwa adabu, nisogeze meza aingize gari.

Nami huhama.