Kidevu cha Mjane

Kisumu nzima ilimjua Zadock Ogola kwa magoti ya suruali yake. Yalikuwa yamesuguliwa hadi yakang'aa, kwa maana mpigapicha huyo alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Kamera ikitazama juu, hata karani mfupi hutoka kama chifu, na mwaka ule wa 1987 wateja wake walipenda uchifu kupita kiasi.

Tabia hiyo aliibeba hadi matangani kule Ahero. Kwa desturi, kila kikundi cha ukoo husimama kando ya jeneza na kupigwa picha. Zadock aliwapigia wote magoti, na ilipofika zamu ya mjane, Perez, akampigia vilevile. Hapo ndipo alipoharibu. Perez alikuwa amelia hadi machozi yakamwishia, lakini picha ilimtoa kidevu juu, mdomo umebinuka, anautazama ulimwengu kwa dharau.

Picha zilipofika bomani, mama mkwe, Dorca, aliwaonyesha majirani. "Angalieni vile anaringa! Huyu amezika bwana ama amezika kuku?" Basi ikaamuliwa: akimaliza kuvuna mpunga, arudi kwao Sondu, na watoto awaache.

Perez alimfuata Zadock studio, picha mkononi. "Bwana Zadock, mimi nilikukosea nini?"

Zadock aliona haya, haya ya kweli. Alifunga studio akaenda Ahero. Dorca, ambaye picha hakuikataa hata siku moja, aliketi uani akatulia. Zadock alimpiga picha moja akiwa amepiga magoti, kisha akapanda stuli akampiga nyingine. Alipokwisha kuzisafisha alirudi, akamwekea zote mbili mapajani.

Ya stuli ilimwonyesha kikongwe aliyejikunyata, macho yakiomba huruma. Ya magoti ilimwonyesha kidevu juu, mdomo umebinuka, dharau tupu.

"Lakini mimi siku hiyo sikuringa," Dorca alilalamika. "Mgongo ilikuwa inaniuma."

"Najua, Mama. Nilikuwa hapo."

Dorca aliinuka. Aliingia ndani akatoka na picha ya mazishi, akaiweka kando ya yake, akaziangalia kwa muda mrefu. Kule mlangoni pa nyumba yake, Perez alikuwa tayari amefunga sanduku kwa kamba.

"Nyathina," Dorca alimwita kwa Kijaluo, yaani mwanangu, kama anavyowaita watoto aliowazaa mwenyewe. "Fungua hiyo kamba."